Pipa la Harusi ya Lorcan

Kilcorran, Offaly
9 Machi 1953

Mdogo wangu Lorcan,

Pokea salamu za nyumba nzima, nikianza na za Baba, ambazo hakuzituma. Baridi imetutoka salama. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Shangazi Attracta ameng'olewa meno yake yote yaliyokuwa yamebaki, na sasa anakula viazi vya kuponda na kusengenya vizuri kuliko zamani. Mimi ni mzima. Nimekasirika, lakini ni mzima.

Jumapili baada ya misa Padre Hession alipita hapa, katoka Glasgow kumzika dada yake. Akaingia jikoni kaficha kitu ndani ya koti, uso unamng'aa, akakiweka mezani mbele ya Baba. "Mzee Cormac," akasema, "kijana wako kawa mtu mkubwa!" Ilikuwa chupa. Na kwenye chupa, kwa maandishi ya dhahabu, jina letu, Colgan. Chini yake wameandika Scotch Whisky, yaani wiski ya Uskoti, bila ile e yetu.

Unajua macho ya Baba siku hizi. Aliisogeza karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya lile neno, akarudia. Kisha akaniambia, "Igeuze itazame ukuta. Inanikodolea." Padre akamaliza chai yake upesi akaondoka.

Lorcan, una akili kweli? Ukutani kwa kiwanda chetu cha wiski kuna e ndefu kama mtu mzima. Babu aliipaka mwenyewe akining'inia kwenye kamba, mwaka ule wapika wiski wakubwa wa Dublin walipoiongeza kwenye neno, wakaandika whiskey, ili mnywaji asidanganywe na maji membamba yanayotoka kwenye minara ya mvuke ya wale wanaopika kwa haraka. Babu alisema e ile maana yake ni chungu cha shaba, shayiri mbichi pamoja na kimea, na kupika mara tatu. Wewe umekulia chini ya herufi ile. Uliiegemea ukivuta sigara za kuiba. Leo umelichukua jina la watu wa chungu, umelibandika kwenye maji ya mnara yaliyochanganywa na kimea kinachonuka moshi kama nyumba iliyoungua, na herufi ya Babu umeitupa.

Liondoe jina. Sitaki maelezo. Nataka barua fupi inayosema limeondoka.

Dada yako,
Dympna


Campbeltown
2 Aprili 1953

Dada Dympna,

Barua yako imefika. Tarishi aliishika kwa ncha za vidole, nadhani ilikuwa bado ya moto. Morag anakusalimu, ingawa hukumtaja. Huku mvua imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Habari kubwa ni ya binti yetu. Catriona amechumbiwa na Iain Galbraith, fundi wa saa, kijana mtulivu mwenye mikono safi, na harusi ni mwezi wa Juni mwakani.

Sasa tuje kwenye e yako. Wazee wetu na wazee wa huku walikiita kitu kimoja, maji ya uzima, kwa lugha moja iliyopasuka katikati, wakati Mwingereza hajui hata akiandikeje. Yeye alisikia nusu, akaandika robo. Ninyi mkaongeza herufi. Wamarekani wakaikopa wakatia mahindi ndani. Wakanada wakaiacha. Na hilo neno Scotch ni la chupa tu, hakuna mtu wa huku anayelitamka baa. Huku mtu huomba tone, kwetu huomba mpira wa kimea, glasi ni ile ile moja, na wote wawili wanarudi nyumbani wakiyumba vilevile. Watu wanakunywa, Dympna, hawasomi.

Ule mchanganyiko niliutengeneza kwa pua yangu mwenyewe. Mabwana zangu wa kiwanda cha huku waliponiuliza tuuiteje, nikawapa jina langu. Ni langu pia, au mlinivua?

Na kama mnalitaka sana jina, nipeni pipa langu. Usijifanye hujui pipa gani. Baba alilijaza siku nilipobatizwa, kama alivyolijaza lako, kama Babu alivyomjazia yeye, ili linywewe siku ya harusi. Lako na langu yamelala bega kwa bega chini ya ngazi ya ghala. Mimi nilioa tarehe 14 Februari 1931. Nilimwandikia Baba siku, saa na kanisa. Akanijibu, kwa mwandiko wako, kwamba Colgan haozwi na Wapresbiteri, na pipa halifunguliwi kwa harusi ambayo haikuwapo. Harusini kwangu watu walikunywa chai. Chai, Dympna! Mimi, mtoto wa kiwanda!

Nataka pipa lile lifunguliwe harusini kwa Catriona, mezani, mbele za watu, ili mtoto ajue ana ukoo upande wa pili wa maji. Leteni pipa, nami nitawaangukia mabwana zangu miguuni hadi jina liondoke. Msipoleta, litakaa hapo hapo kwenye chupa, bila e.

Ndugu yako,
Lorcan


Kilcorran
20 Aprili 1953

Mdogo wangu Lorcan,

Tumefurahi kusikia habari za Catriona. Nimesema tumefurahi, ila nilifurahi mimi. Shangazi Attracta anauliza kama fundi wa saa anaweza kumtengenezea ya kwake, nimemwambia asubiri kwanza aolewe mtoto. Ndama anakua. Kiwandani kazi inaendelea kama kawaida. Baba hajambo, anakohoa kidogo tu.

Nilimsomea barua yako akiwa kitini kando ya jiko. Jibu lake naliandika kama lilivyotoka. "Mwambie pipa ni la harusi. Mtu ambaye hakuoa hana pipa." Nikamuuliza, "Baba, niiandike kwa upole kidogo?" Akasema, "Upole wa nini? Unapika uji? Andika."

Basi nimeandika.

La kwangu ni hili. Unalalamika juu ya chai kana kwamba ninyi peke yenu mliinywa. Siku ile ya harusi yako nasi hapa tulikunywa chai, na haikushuka. Baba hakunywa hata hiyo. Alitoka akaenda ghalani kukagua mapipa, akarudi wakati wa kukamua, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Mimi ndiye niliyebaki naye. Wewe ulikuwa unacheza ngoma na Waskoti.

Halafu unathubutu kuliuza jina lake kwa kubadilishana na pipa lake! Hata walanguzi wa farasi pale sokoni Ballinasloe wanamwangalia mtu usoni wakimtapeli.

Liondoe jina.

Dympna


Campbeltown
18 Julai 1953

Dympna,

Salamu. Mvua bado. Morag anaumwa mgongo, hawezi hata kuinua birika.

Nimesubiri hasira ipoe ndipo nikujibu, na imekataa kupoa. Tangu nilipoondoka umekuwa mdomo wa Baba. "Baba anasema." "Baba amekataa." Una mdomo wako mwenyewe, au uliuweka ghalani pamoja na vitu vingine? Na pipa lako wewe, Dympna, lina hali gani? Bado linalea buibui?

Mwambie mzee hivi, kwa sauti, maana najua masikio nayo yamepungua. Sitakanyaga Kilcorran mpaka pipa langu lifunguliwe kwa heshima ya nyumba yangu. Hata kwa mazishi yake sitakuja.

Lorcan


SIMU YA MAANDISHI
Tullamore, 11 Novemba 1953

BABA AMEFARIKI LEO ASUBUHI. MAZISHI IJUMAA. NJOO. DYMPNA


Kilcorran
17 Januari 1954

Lorcan,

Attracta anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Nilingoja neno lako Novemba, Desemba na Krismasi yote. Sasa sitaki tena neno lako, nataka wewe usikie la kwangu.

Baba tulimzika Ijumaa kando ya Mama. Walikuja watu hata wa Birr. Alikuja mzee Kinnarney, ambaye yeye na Baba hawakuwa wanasalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, akalia kuliko sisi wote. Na kila aliyenishika mkono aliniuliza, "Lorcan yuko njiani?" Nikajibu bahari imechafuka. Siku ile hapakuwa na upepo wa kuzima mshumaa! Walitikisa vichwa wakasema pole, bahari ni mbaya, na kila mmoja alijua nadanganya, na kila mmoja alijua kwa nini. Umenifanya mwongo mbele ya jeneza la baba yangu.

Jeneza lilibebwa na watu sita. Mmoja wao alikuwa mpita njia aliyekuja kuuza mabrashi, kwa kuwa tulipungukiwa na mtu wa kimo chako.

Yaliyotokea siku ya msiba kuhusu mapipa hayakuhusu wewe. Mtu ambaye hakuja msibani hasimuliwi msiba.

Dympna


Campbeltown
6 Februari 1954

Dada,

Morag na Catriona wazima. Wanalia kwa niaba yangu, maana mimi nimeshindwa.

Nilikuja. Sasa unajua. Simu yako ilifika Jumatano mchana, nikanunua tai nyeusi, nikapanda meli. Nilifika Belfast. Nikaenda stesheni, nikakata tikiti ya Dublin, nikakaa kwenye benchi nikaitazama treni ikijaa watu. Kisha nikakumbuka nilichoandika. Hata kwa mazishi yake sitakuja. Nikajiambia, mzee amekufa na neno lile sikioni, na wewe Dympna ulimsomea kwa sauti kama nilivyokuagiza, nitaingiaje mlango ule? Treni ikaondoka. Nikarudi kwenye meli, na nilipofika nyumbani nikamwambia Morag nimezika.

Siku tatu baadaye nilimwambia ukweli. Hakunisemesha kwa wiki nzima, na alikuwa na haki.

Lakini wewe nawe! "Baba hajambo." "Anakohoa kidogo tu." Ungeandika anakufa ningekuja siku hiyo hiyo, kwa miguu, nikavunja hilo pipa kwa kichwa changu na yeye akitazama. Ulinificha. Kwa nini ulinificha? Mlikuwa mnanikomoa, wewe na yeye, mpaka pumzi ya mwisho?

Yeye nimemkasirikia mpaka nashindwa kumwombea. Wewe nimekukasirikia. Mwenyewe nimejikasirikia kuliko ninyi. Sitaki pipa tena. Sitaki chochote. Nijibu jambo moja tu: ulimwambia lile neno?

Lorcan


Kilcorran
1 Machi 1954

Mdogo wangu Lorcan,

Belfast! Ng'ombe wa Offaly hufika Glasgow kila wiki bila kulalamika, na hawana hata tai. Wewe ukashindwa kutoka Belfast!

Attracta mzima. Ndama nimemuuza. Haya.

Sikumwambia. Nilimsomea barua yako, na nilipofika mstari ule nikauruka, nikarudia habari ya mgongo wa Morag kujaza nafasi. Akasema, "Mwambie asugue na ile ya kwanza." Unaikumbuka ile ya kwanza kutoka kwenye chungu, ambayo hainyweki, ambayo Babu alikuwa akijisugulia magoti. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akimpa mke wako ushauri, au kitu chochote. Nami sikukuandikia. Nilikuwa nimeumia kwa wale buibui wako, nikasema acha mgongo uume.

Na nilikuficha kwa sababu alinikataza. "Usimwite kwa ugonjwa," alisema. "Aje mwenyewe." Nikatii. Umesema kweli, nilikuwa mdomo wake.

Sasa nitakusimulia msiba, ingawa nilikwisha kuapa. Baba aliagiza watu wasinyweshwe wiski ya kununua msibani kwake. Na ghala, Lorcan, lilikuwa tupu. Kazi haikuwa ikiendelea kama kawaida. Chungu hakijawashwa tangu kabla ya Padre kuleta chupa yako. Pipa la mwisho la kuuza liliondoka kiangazi. Yalibaki mawili chini ya ngazi, langu na lako.

Alhamisi mchana, ilipokuwa wazi kwamba hujafika, nikasema vizuri. Majirani wanywe pipa la Lorcan, liishe, tusilisikie tena. Nikamwita Packie Daly, fundi wa mapipa, tukaenda ghalani. Nikamwambia, "Livute hilo." Akasimama tu, kashika kofia.

"Packie, umekuwa kiziwi?"

"Si hilo, Dympna. Hilo aliniambia nisiliguse."

"Nani?"

"Mzee."

Nikalivuta mwenyewe. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha bati. Na kwenye pipa lako, pembeni, kile kijiti cha kizibo kilikuwa laini na cheusi kwa kushikwashikwa. Kilitoka kwa vidole viwili.

Nikamgeukia Packie. Alikuwa analia tayari, yule mzee mpumbavu. "Kila tarehe kumi na nne ya Februari," akasema. "Alikuja, akajitilia kikombe kimoja, akakinywa kasimama. Nilimuuliza mara moja, mzee, unakunywa nini? Akasema, nakunywa harusi ya kijana. Mwaka huu miguu ilimkataa, nikamshika kwapani. Akanikataza nisikuambie."

Lorcan, nilikitupa kile kikombe ukutani kwa nguvu zangu zote. Miaka yote hiyo mimi niko jikoni naandika Baba anasema hapana, Baba amekataa, wewe unanichukia mimi na mwandiko wangu, na yeye yuko ghalani anakunywa harusi yako! Alikuwa amekukubali tangu siku ile ya kwanza, tangu siku ile ya chai. Aliona aibu kusema, basi akanipa mimi nibebe chuki yake huku yeye akibeba kikombe. Nilirudi ndani nikamwambia mle mle kwenye jeneza maneno ambayo Attracta ameyapeleka kwa Padre kuungama kwa niaba yangu.

Kisha nikarudi ghalani, nikalitazama langu. Ulisema kweli kuhusu buibui. Kijiti kilikuwa kimekauka ndani, Packie alikitoa kwa patasi. Hapakuwa na msumari, hapakuwa na kikombe. Harusi yangu hakuna aliyeinywa, hata kwa siri. Unamkumbuka Eunan Scully? Baba alimwambia asubiri tuvune shayiri. Kisha asubiri tuloweke kimea. Kisha asubiri tupike. Yuko Boston sasa, ana wajukuu. Nimelisema hilo mara moja, wala usiniulize tena.

Packie akaniuliza, "Tufungue lipi?" Nikamwambia langu. Akasema, "Una hakika, Dympna? Hilo ni la harusi." Nikamwambia piga nyundo.

Lilikuwa zuri. Nilikunywa mimi wa kwanza, nikalia kwa hasira jinsi lilivyokuwa zuri. Watu walilimaliza lote, na mzee Kinnarney akasema hajawahi kuona harusi nzuri kama ule msiba, mke wake akamkanyaga mguu.

La kwako sikuligusa. Linakuja. Nimeshughulikia karatasi za forodha mwenyewe. Karani wa pale aliniuliza atie e au asitie, maana mzigo unakwenda Scotland. Nikamwambia aandike Colgan, hayo mengine ajaze apendavyo. Usilichanganye na kitu chochote, Lorcan. Hata tone la mnara wako lisiingie, nitajua.

Na jina liache kwenye chupa. Kiwanda kimechukuliwa na watu wa siagi. Mwezi wa Mei watapaka chokaa ukuta wote, na e ya Babu itafunikwa. Ndiyo sababu chupa yako iliniuma vile, sasa nakuambia. Nilijua kwamba hivi karibuni duniani kote hakutakuwa na Colgan mwingine mezani kwa mtu isipokuwa huyo wako. Basi mwache akae, bila e. Heri huyo kuliko kukosa kabisa.

Mimi nitalifuata pipa mwezi wa Juni. Sitaishia Belfast. Mwambie Morag aniandalie kitanda, namletea chupa iliyobaki ya ile ya kwanza, ya mgongo, kama alivyoagizwa na mkwe wake. Mwambie Catriona atenge nafasi mezani. Wewe usije kunipokea bandarini na uso wa kusamehewa, kwa maana sijakusamehe, wala yeye sijamsamehe.

Kile kikombe nimekinyosha kwa nyundo. Kimebaki na kovu, lakini hakivuji, nami nakuja nacho. Pipa likifunguliwa, cha kwanza ni changu. Nitakinywa nimesimama kama yeye, ila mimi nitakinywa mbele za watu.

Dada yako,
Dympna